Dakika Mbili za Mwanzo

Raiya ana kazi ya shule:
dakika mbili za filamu ya kutia hofu,
mwanzo tu, anasema, hakuna aliyeomba mwisho.
Kijana aliyekuwa muuaji ameamka na mafua,
basi nimepewa mimi buti zake. Zinanibana.

"Uso usionekane, Baba. Ukionekana, hofu imekwisha.
Mtu akishaiona pua yako, hakuogopi tena."
Ananifunza kama nilivyomfunza kufunga kamba za viatu,
kwa subira yenye dharau kidogo:
kamera ilazwe chini, karibu na maji ya mtaro,
ili kisigino changu kiwe kikubwa kuliko nyumba;
picha iende mshazari kiasi cha punje,
mtazamaji ahisi kuna jambo limekaa upande
asijue ni lipi.
Muziki usiwepo. Tone la maji. Tena tone.
La tatu lisidondoke.

"Hapo ndipo watu husahau kupumua."

Halifax, Novemba, saa kumi na moja jioni, giza limeshatanda.
Kichochoro cha nyuma, mawe yenye masizi
ya viwanda vilivyokufa kabla sijafika,
mapipa ya taka kama mashahidi wasiotaka kuhojiwa.
Imogen ameshika taa mgongoni kwangu
na kivuli kinanitangulia, kinakwea ukuta wa Bibi Sugden,
kirefu, hakina mabega ya mtu anayelipa kodi.

"Tembea." Natembea.
"Polepole. Hujui unakokwenda, ila unajua utafika."
Natembea hivyo.
"Baba! Hivyo hivyo! Umejifunza wapi?"

Ningemwambia nini?
Kwamba nikilaza basi la mwisho gereji,
glavu mkononi, kofia ya jaketi kichwani kwa ajili ya baridi,
mwanamke aliye mbele yangu husikia hatua kabla ya kuniona
na mkono wake huzama mkobani kusaka funguo.
Kwamba hukohoa makusudi.
Hupiga simu isiyo na mtu upande wa pili,
nikasema kwa sauti, "Ndiyo, mke wangu, maziwa nimenunua."
Huvuka barabara. Miaka kumi na tisa navuka barabara.
Nimekwisha kuwa mwanzo wa filamu nyingi mji huu,
na hakuna aliyebaki akaona mwisho wake:
nafungua mlango, navua viatu, napasha wali.

Mara ya nne, pazia la Bibi Sugden likatikisika.
Taa ya juu ikazimwa.
"Usisimame," Raiya akanong'ona, "hilo sikulipanga, ni zuri mno."

Nilikuwa nimeshasimama.
Mikono nimeitoa mifukoni, viganja nimevifungua mbele,
kama mtoto anayeonyesha kwamba amenawa.
Hakuna aliyenielekeza.
Nyuma ya kamera mwanangu hakusema "kata".
Hakusema kitu.

Mlango ukafunguka kiasi cha mnyororo.
"Kumbe ni wewe, bwana wa basi," akasema Bibi Sugden.
"Mimi nilidhani..."
Akaliacha neno lining'inie,
tone la tatu.

Jana usiku nimeitazama filamu jikoni.
Buti hazimo. Kisigino hakimo.
Kamera imepanda begani kwangu, inaona nionavyo:
ukuta, mapipa, pazia, taa inayozimika,
na pumzi ya mtu karibu mno na sikio.
Nikakunja vidole mezani kwa woga,
nikachelewa kutambua kwamba pumzi ile ni yangu.
Kisha viganja, vikubwa, mistari yake yote.
Kisha giza.

Na ndani ya giza, kipande alichosahau kukikata,
au hakusahau, sijamuuliza,
sauti yangu:
"Raiya, funga zipu. Kifua hicho."